Kanda ya Wilondja

Deki nimeiazima kwa fundi Bukuru, pale Mwanga.
Haina mfuniko, tumbo wazi kama mgebuka uliopasuliwa.
Kanda nimeifuta ukungu kwa pamba na spiriti,
inchi kwa inchi, siku mbili usiku,
mke wangu akiuliza kama nimemaliza kumwogesha mgeni.

Nabonyeza. Chenga.
Chenga tena.
Kisha nyota.

Nilikuwa na miaka tisa. Kiingilio kopo la dagaa,
au ukikosa, kuni mbili za chai ya Wilondja.
Tulikaa kwenye magunia, nyumba ya tatu kutoka msikiti wa Gungu,
mbele ya runinga ya kukodi.
Filamu ilivuka ziwa pamoja naye kutoka Baraka,
ndani ya begi lenye suruali mbili na kichwa cha cherehani.
Ilisema Kifaransa. Kifaransa chote cha mtaa alikuwa nacho yeye.

"Nyamazeni, batoto! Kapteni anasema, minachoka.
Anasema, bibi yangu iko kule, kwenye dunia ya buluu,
kila usiku anawashaka taa juu ya meza
ili nisipotee."

Tulimpenda kapteni kwa ile taa.
Tukirudi gizani, Ntahondi alitembea kama mtu asiye na uzito,
akiinua miguu polepole juu ya madimbwi,
nami nikimwita kupitia kiganja:
Dunia, Dunia, hapa Gungu, nijibu.

Leo nina thelathini na minane.
Miaka kumi na mmoja nagonga mihuri ya forodha bandarini,
na Kifaransa kimeniingia kwa njia ya mizigo,
saruji, betri, mabati, majina ya watu waliochelewa.
Basi naangalia.

Chombo chao ni sufuria mbili zilizobanwa mdomo kwa mdomo.
Uzi unaozining'iniza unang'aa.
Zimwi la sayari ya pili, lililomkojoza Ntahondi,
lina zipu mgongoni, na haikufungwa mpaka juu.
Nacheka peke yangu.
Halafu nasikiliza, na kicheko kinakatika.

Kapteni hana mke.
Anasema: presha, mia mbili na nne.
Anasema: fungeni valvu ya tatu.
Ile hotuba ndefu iliyomliza mama Ndayanse
hadi sahani ya karanga ikammwagikia mapajani
ni orodha ya vipuri.
Hakuna taa. Hakuna meza.
Nimerudisha nyuma mara tatu.

Jioni mvua ikishaosha hewa, milima ya ng'ambo husogea,
unaweza kuhesabu mikunjo yake.
Wilondja alishona akiwa ameipa mgongo.
Sisi tulidhani anafuata mwanga, uangukie kitambaa.
Malori ya kambini yalipokuja kumchukua
alinipa kanda hii mkononi, akapanda,
akaanza kubishana na mtu kuhusu nafasi ya cherehani.

Kuna mahali pamoja hakutafsiri.
Karibu na mwisho, kapteni yuko peke yake,
kioo kimeganda barafu, midomo inacheza,
na Wilondja kimya.
Tukapiga kelele: Tafsiri! Tumelipa dagaa!
Akasema, "Anakohoa tu."

Napafikia. Naongeza sauti.
Mkwaruzo, mkwaruzo, halafu maneno mepesi
ambayo karani wa forodha hahitaji kamusi:
Kuna mtu ananisikia?
Anauliza mara nne. Ya nne hamalizi.

"Huyo anasema nini?" mke wangu, kutoka chumbani.

Sijamjibu bado.
Deki imeanza kula riboni.
Nimeingiza penseli, navuta,
taratibu, isikatike.